Kuondoa macho mekundu kwenye picha bila kuliua jicho: mwongozo kamili

Picha za sherehe za usiku ndizo zinazoumia zaidi. Bibi harusi amependeza, shangazi wanacheka, watoto wamejipanga mbele, halafu flashi imewapa wote mboni nyekundu. Programu za kuondoa wekundu huo ni nyingi, na karibu zote zinauondoa kweli. Zinachoshindwa ni kulibakiza jicho. Mboni inageuka shimo jeusi, nukta ya mwanga iliyokuwa ndani yake inapotea, na mtu aliyekuwa akicheka anabaki na uso usio na uhai. Mwongozo huu unahusu kuufuta wekundu huku macho ya mtu yakibaki kuwa yake.

Nitatumia GIMP. Ni programu ya bure, inaendeshwa kwenye Windows, Mac na Linux, na ukishaisakinisha hailihitaji bando hata kidogo. Menyu zake nitazitaja kwa majina yanayoonekana kwenye skrini. Wanaotumia Photoshop, Photopea au simu peke yake wana sehemu yao huko mbele, lakini hata wao wasome kwanza chanzo cha tatizo, kwa sababu ukikijua chanzo utajua ni wapi pa kugusa na wapi pa kuacha.

Wekundu unatoka wapi

Katikati ya jicho kuna mboni, tundu dogo linalopitisha mwanga, ambalo kwa kawaida tunaliona jeusi. Inazungukwa na irisi, ile sehemu yenye rangi, ambayo kwa wengi wetu ni kahawia iliyokoza. Gizani irisi huiachia mboni ipanuke ili mwanga wa kutosha uingie ndani. Flashi ikipiga, inapiga kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kwa hiyo mboni haipati muda wa kujibana. Mwanga unaingia, unagonga ukuta wa nyuma wa jicho wenye mishipa mingi ya damu, kisha unarudi ulikotoka ukiwa umebeba rangi ya damu hiyo. Lenzi ikiwa karibu na flashi, mwanga huo unaingia moja kwa moja kwenye picha.

Hii ndiyo sababu kamera ndogo za mfukoni zilizovuma miaka ya 2000 zilitoa macho mekundu mengi: flashi ilikaa sentimita chache tu kutoka kwenye lenzi. Simu nazo ziko hivyo hivyo. Mpiga picha wa harusi anayeinua flashi juu ya kamera na kuielekeza darini hapati shida hii, kwa kuwa mwanga unafika usoni ukitokea upande mwingine. Rangi ya mwili nayo ina sehemu yake. Watu wenye macho meusi wana rangi nyingi zaidi nyuma ya jicho, nayo hufyonza sehemu ya mwanga, kwa hiyo wekundu wao mara nyingi ni wa kiza, rangi ya damu nzito, wakati wenye macho ya bluu hutoka na wekundu mkali unaong'aa. Tofauti hiyo tutaikumbuka tukifika kwenye filta.

Kutokana na maelezo haya kuna mambo matatu ya kushika kabla ya kufungua programu. Wekundu umo ndani ya mboni tu. Irisi haina kosa, usiiguse. Mboni kwenye picha ya namna hii ni pana kweli, kwa hiyo usijaribu kuipunguza. Na ile nukta nyeupe ndani yake ni taswira ya flashi yenyewe juu ya uso wa jicho. Ni halali, na ndiyo inayolifanya jicho lionekane lina maji na uhai.

Kama picha bado hazijapigwa, washa taa zote za chumba, mwambie mtu asikodolee lenzi, na usogee karibu, maana ukisogea pembe kati ya flashi na lenzi inapanuka. Kamera nyingi pia zina hali ya kupunguza macho mekundu, ambayo humulika kwanza ili mboni zijibane, kisha ndiyo inapiga. Inasaidia, ila inachelewesha picha, na watoto hawasubiri.

Kabla ya kufuta, angalia kama ni wekundu kweli

Sehemu hii haihusu urembo wa picha, na ningeomba usiiruke, hasa kama unashughulikia picha za watoto wadogo.

Macho mawili yenye afya yanayotazama kamera hutoa rangi inayofanana. Ukiona mtoto mwenye jicho moja jekundu na jingine jeupe, la manjano au la kijivu kinachong'aa, usikimbilie kurekebisha. Mng'ao mweupe ndani ya mboni unaweza kuwa dalili ya mtoto wa jicho, na unaweza pia kuwa dalili ya retinoblastoma, saratani ya jicho inayowapata watoto, wengi wao wakiwa chini ya miaka 5. Saratani hii ikigunduliwa mapema hutibika, na mara nyingi wa kwanza kuiona ni mzazi anayetazama picha iliyopigwa kwa flashi.

Si kila mng'ao mweupe ni ugonjwa. Mtoto akiwa ametazama pembeni kidogo, flashi inaweza kugonga mahali ambapo mshipa wa fahamu wa jicho unaingilia, na mahali hapo ni peupe kwa asili yake. Kwa hiyo tafuta picha zake nyingine za flashi, za siku tofauti, na ulinganishe. Mng'ao ukijirudia kwenye jicho lile lile, au ukiambatana na makengeza, mpeleke kwa daktari wa macho ndani ya siku chache, usingoje likizo. Kwa Tanzania, KCMC Moshi, Muhimbili na CCBRT Dar es Salaam wana huduma za macho. Nairobi kuna Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Uganda kuna Ruharo huko Mbarara. Kituo cha afya kilicho karibu nawe kinaweza kukuandikia rufaa. Nenda na picha yenyewe kwenye simu, ikiwa haijaguswa, maana itamwonyesha daktari kile ulichokiona.

Ndiyo maana pia napendekeza sana kuzima kipengele cha kuondoa macho mekundu chenyewe kwa chenyewe kwenye kamera au programu inayopiga picha za watoto. Kinaweza kufuta dalili kabla hujaiona.

Pata faili nzuri kwanza

Picha iliyopita kwenye WhatsApp kama picha ya kawaida imeshapunguzwa. Uso ulio mbali unaweza kubaki na mboni ya pikseli 5 tu (pikseli ni vile vijisanduku vidogo vinavyounda picha), na hapo hakuna ustadi utakaosaidia. Mwombe aliyekutumia aitume upya kama hati, siyo kama picha, ili ifike jinsi ilivyo.

Kama ni picha ya karatasi ya zamani, iskani kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi, badala ya 300. Kwa picha ya sentimita 10 kwa 15 utapata faili ya takriban pikseli 2,400 kwa 3,500, na mboni itakuwa na nafasi ya kufanyiwa kazi. Futa vumbi kwenye kioo cha skana kwa kitambaa laini, kwani punje ya vumbi ikiangukia kwenye jicho itakupotezea muda.

Kisha nakili faili. Weka ile ya asili kwenye folda yake, usiifungue tena kwa ajili ya kazi hii. Fanya kazi kwenye nakala.

Kazi yenyewe kwenye GIMP

1. Fungua nakala kwa File, kisha Open. Bonyeza Shift, Ctrl na D kwa pamoja ili uongeze nakala ya leya, yaani tabaka la picha. Sasa una leya mbili zinazofanana, na utafanya kazi kwenye ya juu. Faida yake utaiona mwishoni, unapoizima na kuiwasha ile ya juu ili kulinganisha kabla na baada.

2. Kuza picha mpaka jicho moja lijaze sehemu kubwa ya skrini. Shika Ctrl huku ukizungusha gurudumu la kipanya. Picha itakuzwa pale kipanya kilipo. Usiogope kuona vijisanduku vya pikseli. Unataka kuona mpaka wa mboni na irisi ulipo hasa, na kwa macho meusi mpaka huo hauonekani vizuri ukiwa mbali.

3. Bonyeza E upate kifaa cha kuteua kwa umbo la yai. Kwenye chaguo zake chini ya kisanduku cha vifaa, weka alama kwenye Feather edges na uweke kipimo kidogo. Mboni ikiwa na upana wa pikseli 40, kipimo cha 2 au 3 kinatosha. Kazi yake ni kuulainisha ukingo ili usionekane umekatwa kwa mkasi.

4. Weka kipanya katikati ya mboni, bofya na uanze kuburuta, halafu ukiwa bado unaburuta shika Ctrl. Umbo litapanuka kutokea katikati kwenda nje. Ukiachia, utaona vishikio pembeni vya kurekebisha. Vuta mpaka duara lifunike wekundu wote na lizidi kwa nywele moja. Hiyo ziada ina sababu. Faili za JPEG nyingi huhifadhi rangi kwa usahihi mdogo kuliko mwanga na giza, hivyo wekundu huvuja kidogo nje ya mboni. Ukiteua mboni peke yake, utabaki na pete nyembamba ya waridi kuizunguka, na pete hiyo ndiyo inayowafanya watu waseme picha "imechezewa".

5. Shika Shift kabla ya kubofya, kisha teua mboni ya pili kwa namna ile ile. Kope likiwa limefunika sehemu ya juu ya mboni, duara litalipanda kope pia. Hapo badilisha kifaa kwa kubonyeza F, shika Ctrl, na uchore kuizunguka ile sehemu ya kope ili kuitoa kwenye uteuzi.

6. Nenda Filters, kisha Enhance, kisha Red Eye Removal. Dirisha litafunguka lenye kitelezi kiitwacho Threshold, ambacho huanzia 0.4. Weka alama kwenye Preview. Mara nyingi wekundu utakuwa umeondoka papo hapo. Kama umebaki ukingoni, pandisha kidogo kidogo, 0.45, halafu 0.5. Kama irisi ya kahawia imeanza kugeuka kijivu, shusha. Bofya OK.

7. Bonyeza Shift, Ctrl na A kuondoa uteuzi. Kisha bonyeza 1 kurudi kwenye ukubwa halisi, na uitazame picha kama atakavyoitazama mwenyewe.

Ukitumia GIMP 3.0, iliyotoka 2025, filta hii inaweza kubaki ikiwa imening'inia kwenye leya bila kuchanganywa na picha, na unaweza kuirudia na kubadilisha kitelezi hata baada ya kufanya mambo mengine. Kwenye 2.10 ukishabofya OK, njia ya kurudi ni Ctrl na Z.

Filta inawaza nini, na kwa nini ngozi yetu inaichanganya

Watu wengi huteua uso mzima, au hawateui chochote, wakidhani filta itatafuta macho yenyewe. Haitafuti macho. Inapima pikseli moja moja, na inachojua ni namba tatu tu: nyekundu, kijani na bluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255.

Kwa kitelezi kikiwa 0.4, filta inachukua nusu ya nyekundu na ziada kidogo, na kuilinganisha na kijani. Ikiwa nusu hiyo inafikia au inazidi kijani, pikseli inahesabiwa kuwa na kosa, na nyekundu yake inashushwa hadi karibu na kiwango cha kijani. Chukua mboni yenye nyekundu 200, kijani 40 na bluu 50. Nusu ya 200 ni kama 100, inazidi 40 kwa mbali, hivyo nyekundu inashuka hadi karibu 48. Unabaki na 48, 40, 50, yaani weusi mzuri wenye kina. Nukta ya flashi, tuseme 250, 240, 240, haiguswi kabisa, kwa kuwa nusu ya 250 haifiki 240. Hiyo ndiyo sababu naipendelea filta hii kuliko brashi nyeusi: inajua kuiacha nukta.

Sasa chukua ngozi ya kahawia iliyokoza, chini ya balbu ya manjano ya ukumbini: nyekundu 140, kijani 70, bluu 45. Nusu ya nyekundu pamoja na ile ziada ni karibu 72. Imezidi 70. Filta inaiona ngozi hiyo kuwa ni kosa sawa na mboni, inaishusha nyekundu hadi 77, na shavu linageuka rangi ya majani makavu. Kitelezi kikiwa juu ya 0.4, madoa hayo yanasambaa haraka, na midomo yenye rangi ya mdomo ndiyo inayotangulia kuharibika. Ngozi nyeupe mara nyingi huponea kwa kuwa kijani chake kiko juu. Kwa hiyo mafunzo mengi ya mtandaoni yanayosema uiachie programu picha nzima huenda yalijaribiwa kwenye nyuso ambazo si kama zetu. Kwa picha za watu weusi, kuteua mboni kwa uangalifu ndiyo nusu ya kazi.

Filta ikishindwa

Kuna mboni ambazo flashi imeziunguza kabisa. Badala ya wekundu zina rangi ya chungwa au manjano, kwa mfano 250, 180, 90. Nusu ya 250 haifiki 180, kwa hiyo filta inapita bila kugusa. Ukilazimisha kwa kupandisha kitelezi, unapata rangi ya haradali. Achana na filta, fanya kwa mkono.

Teua mboni kama mwanzo, ukiwa kwenye leya ya juu. Nenda Colors, Desaturate, kisha Desaturate tena, na ubofye OK. Rangi yote itaondoka na mboni itabaki kijivu. Halafu Colors, kisha Curves. Utaona mstari wa mshazari kwenye kisanduku. Shika katikati yake uvute chini, taratibu, mpaka kijivu kiwe karibu na weusi, huku ncha ya juu kulia ya mstari ukiiacha pale pale ilipo. Ncha hiyo ndiyo inayoshikilia weupe wa nukta ya flashi. Ukiishusha, nukta inazimika.

Ikiwa hata hivyo mboni inabaki kijivu chenye ukungu, ongeza leya mpya yenye uwazi kwa Layer, kisha New Layer. Bonyeza O upate kifaa cha kuchukua rangi, na uchukue rangi ya mahali peusi kabisa kwenye uso huo huo: kope, nyusi, au nywele za karibu na sikio. Usitumie weusi wa 0, 0, 0. Kwenye picha ya flashi hakuna kitu usoni chenye weusi huo, na ukiuweka machoni utajitokeza mbele ya kila kitu. Bonyeza P upate brashi, chagua yenye ugumu wa wastani iitwayo Hardness 050, ipunguze iwe ndogo kidogo kuliko mboni, na upake mara moja. Kisha shusha Opacity ya leya hiyo, yaani kiwango chake cha kuziba kilicho chini yake, hadi 80 au 70, mpaka mboni ionekane kuwa ni sehemu ya jicho na si kitufe kilichobandikwa.

Wenye irisi nyeusi wanahitaji uangalifu zaidi hapa. Mboni na irisi zao zinakaribiana rangi, kwa hiyo duara likizidi kidogo tu, irisi yote inamezwa na jicho linakuwa doa moja. Bakiza ule utepe wa kahawia hata kama ni mwembamba. Ukikosa uhakika mboni inaishia wapi, tafuta picha nyingine ya mtu huyo iliyopigwa mchana.

Wakati mwingine jicho moja limetoka vizuri na jingine limeharibika. Unaweza kunakili mboni nzuri na kuiweka upande wa pili, lakini usiigeuze kama kwenye kioo. Mboni ni duara, haihitaji kugeuzwa, na ukiigeuza nukta ya mwanga itahamia upande usio sahihi.

Kurudisha nukta ya mwanga

Kama nukta imepotea, iwe kwa kazi yako au kwa programu ya mtu aliyetangulia, irudishe. Ni kazi ya dakika moja na inabadilisha picha kuliko hatua nyingine yoyote.

Ongeza leya mpya yenye uwazi. Chagua rangi karibu na nyeupe, siyo nyeupe tupu. 235, 235, 230 inafaa kwa picha ya taa za manjano. Brashi iwe na upana wa takriban sehemu ya sita ya mboni. Bofya mara moja kwenye kila jicho. Mahali pa kuiweka panatokana na taa: flashi ikiwa juu ya kamera, nukta inakaa karibu sana na katikati ya mboni, ikiwa imepanda juu kidogo. Flashi ikiwa pembeni mwa lenzi, inasogea upande huo, na inasogea upande mmoja kwa macho yote mawili. Nukta moja ikiwa kulia na nyingine kushoto, mtazamaji ataona makengeza hata kama hajui yanatokea wapi.

Angalia watu wengine kwenye picha hiyo hiyo. Kama mjomba aliyekaa pembeni ana nukta yake ya asili, iga ukubwa na mahali pake.

Wenye programu nyingine

Photoshop ina Red Eye Tool, imejificha chini ya Spot Healing Brush. Bonyeza na ushikilie ikoni hiyo mpaka orodha ijitokeze. Ina namba mbili, Pupil Size na Darken Amount, zote zikiwa 50. Kwa macho meusi anza na 30 kwenye zote mbili kisha bofya kwenye mboni. Asilimia 50 ya giza mara nyingi huzidi. Photopea inafunguka ndani ya kivinjari, haina malipo, na ina kifaa kama hicho mahali pale pale. Kwa anayetumia kompyuta ya intaneti kafe asiyeruhusiwa kusakinisha kitu, hiyo ndiyo njia.

Paint.NET ya Windows inayo chini ya Effects, Photo, Red Eye Removal. Kama GIMP, nayo inataka uteue mboni kwanza.

Kwenye simu, Photoshop Express ina kifaa cha macho mekundu. iPhone huonyesha alama ya jicho lenye mstari unapofungua uhariri wa picha iliyopigwa kwa flashi, na unagusa kila mboni. Simu zinafaa kwa picha za kutuma kwenye kundi la familia. Kwa picha ya kukuzwa na kutundikwa ukutani nisingezitegemea, kwa sababu kidole kinaziba mahali pale pale unapopahitaji kupaona.

Paka, mbwa, mbuzi na ng'ombe wako mbali na haya yote. Nyuma ya jicho lao kuna tabaka linaloakisi mwanga, linalowasaidia kuona usiku, na flashi inarudi ikiwa ya kijani, manjano au bluu. Filta ya wekundu haitawaona. Tumia njia ya Desaturate na Curves, au kwenye programu ya Lightroom chagua Pet Eye.

Kuhifadhi na kupeleka studio

Hifadhi kwanza kwa File, kisha Save. GIMP itatumia aina yake ya XCF, ambayo inabakiza leya zako zote. Wiki ijayo mteja akisema jicho la kushoto bado lina uwekundu, utafungua hapo na kurekebisha kitu kimoja, bila kuanza upya.

Kisha nenda Export As na uandike jina lenye .jpg mwishoni. Liwe jina jipya, na ujihadhari na chaguo la Overwrite, maana hilo huandika juu ya faili uliyofungua. Ubora uweke 92 au 95. Ndani ya Advanced Options kuna Subsampling, chagua 4:4:4. Chaguo hilo linahifadhi rangi kwa usahihi kamili, na kingo za mboni ulizozihangaikia hazitavujiwa na rangi upya.

Kama kuna picha nyingi za albamu, usifanye zote kwa kiwango kimoja cha bidii. Picha ya kundi la watu 40 itakayochapishwa kwa sentimita 10 kwa 15 ina mboni ndogo mno kuonekana. Filta yenye uteuzi wa haraka inatosha, na nukta za mwanga hakuna atakayezitafuta. Tenga muda wako kwa zile picha za uso mmoja au wawili, na zile zitakazokuzwa.

Kabla ya kulipia picha kubwa, mwombe mwenye studio akuchapie kipande kidogo chenye uso tu, kwa ukubwa ule ule utakaokuwa nao kwenye picha ya mwisho. Skrini ina mwanga wake yenyewe, karatasi haina, na mboni iliyoonekana nyeusi ya kupendeza kwenye kompyuta inaweza kutoka nzito kwenye karatasi. Ikitokea hivyo, rudi kwenye XCF, shusha kwa 10 Opacity ya ile leya uliyopaka mboni kwa brashi, kisha uchape kipande tena.